Safari ya Kwenda Kukaa Tu

Kwa mtu wa kijijini, mama yangu alisafiri sana, ila kila alikofika alikuta ama watu wanalia au wanapiga vigelegele. Alikwenda Songea kuzika, Njombe kuozesha, Iringa mjini kumuuguza baba kwa wiki sita, na kwangu Mbeya alikuja mara mbili: nilipopasuliwa kidole tumbo na nilipohamia kwenye nyumba yangu mwenyewe. Mara zote mbili alikuja na jembe dogo la palizi ndani ya mfuko wa salfeti. Asubuhi ya pili, kabla sijaamka, alikuwa ameshalima ua wote na kung'oa maua yangu akidhani ni magugu. Yale maua nilikuwa nimeyanunua. Sikumwambia.

Ukimwambia mama apumzike, alikuuliza nani mgonjwa. Kijijini kwetu, si mbali na Nyololo, mtu mzima anayekaa kitako mchana bila kitu mkononi ama anaumwa au amelewa, na mama hakutaka kudhaniwa lolote kati ya hayo. Baridi ya Mufindi nayo haimbembelezi mtu kukaa. Basi akitoka shambani alichambua maharage, akimaliza maharage alisuka kikapu cha nyasi za milulu, na hata kanisani, mahubiri yakirefuka, nilikuwa naviona vidole vyake vinasuka hewa juu ya kitabu cha nyimbo.

Mimi ni mwalimu wa Kemia katika sekondari moja ya Mbeya. Wakati wa haya ninayoyaeleza nilikuwa na miaka arobaini na sita, sijaolewa, sina mtoto. Nayasema mapema ili msomaji asihangaike kuyatafuta, maana watu wa kijijini kwetu waliyatafuta hadi machoni mwangu. Baba alikuwa ameshatutoka, na mimi ndiye mtoto pekee aliyebaki. Kila tulipoongea kwa simu, baada ya habari za mvua na za usharika, mama aliuliza swali lake lile lile: ukitoka kazini, nani anakufungulia mlango? Nami nilimjibu kwamba nina funguo. Alicheka kidogo, kisha akanyamaza muda mrefu hadi nikadhani salio limekwisha. Kimya kile kilikuwa kinaniudhi sana. Sasa ndicho ninachokikumbuka kuliko maneno yake mengi.

Habari za kisiwa ziliingia nyumbani kwetu kwa kosa langu mwenyewe. Mwezi wa saba, mwaka juzi, nilikwenda semina Iringa pamoja na mwalimu mwenzangu wa Jiografia. Huyu bwana kwao ni kisiwa kidogo kilicho jirani na Mafia, na Mbeya ilimkomesha. Kuanzia Mei hadi Agosti anafundisha akiwa na koti zito, skafu na kofia ya sufu, na wanafunzi wamempa jina ambalo sitaliandika hapa. Ana mke mcheshi na watoto watatu, na kila Idi mke wake huniletea visheti. Tulikwenda kwa gari lake dogo, mke na watoto wakabaki Mbeya. Wakati wa kurudi nikamwomba tupitie kwetu nimsalimie mama.

Mtu aliyekulia kwetu anajua kwamba binti hamwingizi mwanaume ndani ya nyumba ya mama yake mchana kweupe kama hana la kusema. Akiwa dereva, anabaki garini. Akiwa mfanyakazi mwenzake, anasalimia uani, anapewa kiti cha nje na muhindi wa kuchoma, anashukuru, anaondoka. Anayeingia ndani, akakalishwa kwenye kiti cha marehemu baba, akanawishwa mikono, huyo amekuja na jambo. Haya yote nayajua tangu nikiwa mtoto. Lakini miaka ishirini na mbili ya mjini ilikuwa imeyalaza, halafu siku hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni na bwana wa watu anatetemeka. Nikamwambia ingia, karibu, kaa pale. Kiti cha baba nilikisogeza karibu na jiko la mkaa kwa mikono yangu mwenyewe.

Mama akapika. Sifa ya nyumba yetu ilikuwa nguruwe. Banda lilikuwa nyuma ya jiko, na mimi nilisoma kwa nguruwe wale tangu kidato cha kwanza mpaka nilipovaa joho. Akaleta bakuli la nyama iliyokaangwa ikakaangika, ugali mweupe na majani ya maboga. Mwenzangu akatabasamu, akashukuru sana, akasema siku hizi daktari amemkataza nyama, yeye atakula majani. Alitunga, maskini, asimvunje mama moyo. Mama hakuwa mtoto. Alilitazama bakuli, akamtazama mgeni, kisha akalinyanyua na kulirudisha jikoni bila neno. Alirudi na mayai.

Wakati wa kula akamuuliza mgeni kwao ni wapi. Mwenzangu, aliyekuwa ameshapata joto, akafunguka. Alisema kisiwa chao ni kidogo kiasi kwamba ukianza kukizunguka kwa miguu alasiri, magharibi inakukuta umesharudi. Gari hakuna hata moja. Kuna minazi, kuna popo wakubwa wanaoning'inia mitini mchana kutwa, na kuna mama yake, mjane, anayeishi peke yake na kusuka mikeka. Mama akataka kujua watu wa huko mchana wanafanya kazi gani. Akajibiwa kwamba jua likiwa kali watu hukaa.

"Wanakaa?" mama akauliza.

Ndiyo, wanakaa barazani, akasema mwenzangu, wengine wanaongea na wengine hawaongei. Tulipoaga alimshika mama mkono kwa mikono yake yote miwili. Akamwambia karibu kwetu, mama, mama yangu atafurahi mno kukuona.

Kwa mtu wa pwani hiyo ni kwaheri nzuri tu. Mama yangu aliipokea kama posa. Lakini hilo nilikuja kulijua miezi minne baadaye, na miezi hiyo minne ndiyo iliyokuwa mizuri kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo pamoja.

Njia nzima ya kurudi Mbeya nilikuwa nalisikia lile neno lake, wanakaa, na namna alivyolisema. Magoti yake yalikuwa yameanza kuvimba, presha ilikuwa inampanda na kushuka, na bado kila alfajiri alikuwa bondeni kwenye viazi. Nilitaka kitu kimoja tu: nimwone mama yangu amekaa. Nikaingia kazini kama mwalimu. Nilichukua daftari nikaandika safari nzima kwa mtindo wa andalio la somo. Mada: kupumzika. Lengo mahususi: hadi mwisho wa wiki ya pili, mama aweze kukaa kwa saa moja bila kushika kitu. Zana: mkeka, bahari, kivuli. Mwenzangu alilisoma daftari ofisini akacheka mpaka akavua kofia. Akampigia mama yake, na mama yake akasema chumba kipo, tuje hata kesho.

Nilikwenda kwa mama nikiwa nimejiandaa kubishana naye wiki nzima. Nilikuwa na hoja za daktari, za Biblia, hata za Sabato, ingawa sisi ni Walutheri. Nikamwambia shule zikifungwa Desemba twende kule kisiwani, kwa mama wa yule mwalimu. Alikuwa ameshika mwiko. Aliutazama kidogo.

"Sawa," akasema. "Twende."

Desemba ni mwezi wa palizi. Mama hakuwahi kuacha shamba lake mwezi wa palizi, hata mwaka aliovunjika mkono. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nikajisifu. Nilidhani ni uhodari wa maandalizi yangu.

Kuanzia hapo nilikuwa napanda basi kila baada ya wiki mbili kwenda kupanga safari. Jumamosi mchana tulikaa jikoni karibu na mafiga, chai inachemka, daftari kwenye mapaja yangu. Nilimpelekea ramani. Akaweka kidole kimoja Mufindi na kingine Mafia, akaona nafasi iliyobaki katikati, akashangaa: kumbe ni hapa tu. Nikamweleza kwamba hapo tu kuna siku nzima ya basi hadi Dar, kuna gari la kwenda Nyamisati, kuna boti ya kwenda Mafia, halafu kuna kamashua ka mwisho. Akauliza kama hiyo boti ina madirisha. Akauliza bahari ikilala inatoa sauti gani. Akauliza kama mtu wa miaka sabini na moja anaruhusiwa kuingiza miguu majini au ni aibu. Sikuwa nimewahi kuulizwa maswali na mama. Yeye alikuwa mtu wa kuagiza. Nilikuwa namjibu huku moyo wangu umejaa, na ilipofika saa ya basi nilikuwa natamani lichelewe.

Tatizo lilikuwa mizigo. Alipanga sweta tatu, blanketi la sufu na soksi nzito. Nikamwambia kule ni joto mwaka mzima. Akaniambia hilo ni joto la mchana, asubuhi je? Nikamwambia asubuhi pia ni joto. Akanihurumia, kama mtu anayemsikiliza mtoto anayetia chumvi. Mama alikuwa hajawahi kulala mahali ambapo alfajiri haina baridi, na nilishindwa kabisa kumwingiza kichwani kwamba mahali hapo papo. Sweta zikabaki. Juu yake yakaongezeka maharage, majani ya chai, asali na gunia la viazi ambalo hata wanaume wawili wangeguna wakilibeba. Nikasema mama, watu wanaokwenda kupumzika hawabebi gunia. Akasema hawezi kuingia nyumba ya watu mikono mitupu, hasa nyumba ile. Hilo neno, hasa, lilinipita.

Mengine mengi yalinipita. Mwezi wa tisa nilikuta banda la nguruwe tupu, limefagiwa, limemwagiwa majivu. Akasema amewauza wote, magoti hayawezi tena. Nikafurahi, nikaona somo linaeleweka kabla hata ya safari. Alikuwa anasuka vikapu viwili vyenye vifuniko, laini kuliko vyote nilivyowahi kuviona mikononi mwake, na alipokosea mstari mmoja alifumua hadi chini akaanza upya. Akawa ananiuliza habari za yule mama wa kisiwani: alifiwa na mume lini, ana watoto wangapi, kahawa anakunywa, je, atachukia mtu akiombea chakula kwa jina la Yesu mezani kwake. Nilikuwa nampelekea maswali mwenzangu na kurudisha majibu. Hata mimi niliona udadisi umezidi kidogo, ila nikasema ni utu uzima.

Siku niliyopata akili ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kumi na moja. Nilishuka basi Nyololo nikakutana na mwenyekiti wa umoja wa wanawake wa usharika wetu, rafiki wa mama tangu ujana wao. Alikuwa na mzigo kichwani. Aliutua chini kwenye tope, kitu ambacho watu hawafanyi, akanikumbatia. Akasema hongera, mama. Mama yangu amewaambia wasiseme mpaka tutakaporudi kutoka kisiwani, lakini furaha hii mtu anaifichaje? Vitenge vya sare wameshanunua. Nikamuuliza vitenge vya nini. Akanicheka, akanipiga begani. Vya kukupokea wewe na bwana wako, akasema.

Halafu akanieleza yote pale barabarani, malori yakipita. Mama alikuwa ameshalitoa jambo kwenye mkutano wa wanawake. Mmoja alinung'unika kwamba bwana mwenyewe ni Mwislamu. Mama akasimama, yeye ambaye mikutanoni huwa hasemi, akawaambia amemuuliza Mungu kwa mwezi mzima kama ni bora binti yake awe peke yake au awe na mtu, na hajasikia akijibiwa kwamba awe peke yake. Kisha akawauzia wenzake nguruwe, majike na vitoto, ili mkwe akija tena asikute harufu ya kumtia unyonge.

Kutoka barabarani hadi kwetu ni mwendo wa dakika arobaini. Nilitembea nikiwa na hasira na kila mtu. Nilimkasirikia yule mwenyekiti na mdomo wake, na umoja wa wanawake kwa kukaa kunijadili kama ajenda. Nilimkasirikia mwenzangu na ukarimu wake wa pwani usio na breki. Zaidi ya wote nilimkasirikia mama, kwa kuniombea kitu ambacho mimi sikukiomba. Nilikuwa nimepanga na maneno ya kumwambia. Kisha njia ikanipitisha nyuma ya jiko, nikaliona lile banda limeota nyasi kidogo kwenye majivu. Maneno yote nikayaacha pale.

Mama alikuwa kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua maharage ya mbegu. Nilikaa chini mbele yake nikiwa na viatu vyangu vya tope.

"Mama, yule mwalimu ana mke," nikasema. "Ana mke na watoto watatu. Hanioi. Hakuna mtu anayenioa."

Vidole vyake viliendelea na maharage kidogo, halafu vikasimama.

"Sasa kule tulikuwa tunaenda kwa nani?"

"Kwa mama yake. Kwa ajili yako. Ukapumzike, mama. Ukae tu."

Nilitegemea akasirike, na ningeshukuru angekasirika.

"Mimi, mwanangu, kupumzika kwangu siyo kukaa," akasema. "Kupumzika kwangu ni nikuache na mtu. Hapo hata kesho ningelala."

Nilimjibu vibaya. Nilisema nina nyumba, nina kazi, nina pensheni itakayokuja, nilimaliza siku nyingi kulilia mume na yeye ndiye hajamaliza. Nilisema naishi vizuri. Akasema anajua, nina funguo. Hakulisema kwa kejeli, na ndilo lililoniliza. Nililia pale chini huku nimeshika ukingo wa ungo, naye akausogeza kidogo ili nisimwage mbegu. Nilimwomba radhi kwa ajili ya nguruwe. Akasema nguruwe siyo kitu, nguruwe wanazaliwa.

Asubuhi yake, baada ya chai, aliniomba namba ya yule mama wa kisiwani. Nikamwambia haina haja, mwenzangu atamweleza. Akakataa. Alisema yeye alishamwita yule mama mkwe moyoni kwa miezi minne, alishamwombea, hawezi sasa kumtelekeza kama mzigo stendi. Tukaenda kukaa kwenye benchi la nje ambako mtandao unashika. Nikampigia, nikaweka sauti kubwa. Mama alianza na kamwene, salamu ya kwetu, akakumbuka, akarudi kwenye Kiswahili. Akaeleza jambo lote tangu bakuli la nyama, bila kuficha, kwa Kiswahili chake kilichojaa Kihehe. Upande wa pili yule mama akaanza kucheka, kicheko kirefu cha mtu aliyekaa muda mrefu bila mtu wa kumchekesha. Mama naye akashikwa. Walicheka wote wawili, na walipokuwa hawaelewani maneno walikuwa wanaulizana, huyu ana Kiswahili cha ndani mno, yule ana cha bara kilichopinda, na wakasonga mbele hivyo hivyo.

Niliingia kuongeza maji ya chai. Nilipotoka, mama alikuwa amezima sauti kubwa, simu ipo sikioni, amenigeuzia mgongo, anaongea polepole. Nilipomuuliza baadaye walikuwa wanasema nini, akajibu ni mambo ya kusuka, yule mwenzake anatumia ukindu na yeye milulu.

Siku hiyo, nikirudi Mbeya, basi lilisimama Igawa kama kawaida, akina mama wakasogeza mabeseni ya vitunguu madirishani. Nilishuka nikampigia mwenzangu nimweleze kabla hajasikia kwa mama yake. Alicheka hadi akakohoa. Kisha akaniuliza kwa sauti nyingine kabisa, "Na wale nguruwe?" Nikamwambia wameshauzwa. Akasema Mwenyezi Mungu amsamehe. Sikujua anamwombea nani kati yetu watatu.

Desemba hatukwenda. Mama alisema hawezi kuondoka kana kwamba hakuna kitu. Kwanza asimame mbele ya wanawake wenzake awaeleze kwamba alielewa vibaya. Akasimama, akaeleza. Mwenyekiti alimrudishia vitoto viwili vya nguruwe, na vile vitenge vya sare wakavivaa Krismasi. Safari tukaisogeza hadi mwezi wa sita, mahindi yakiwa yameshavunwa. Nilifungua ukurasa mpya wa daftari. Lakini sasa nilikuwa sipangi peke yangu, maana kila Jumapili baada ya ibada mama alikaa kwenye lile benchi na kumpigia mwenzake, na kila nilipofika nilikuta mambo yameshaamuliwa huko juu ya kichwa changu. Viazi vipungue, sweta moja tu ije. Tutalala chumba cha kuelekea msikitini. Tarehe tutaambiwa kulingana na bamvua na maji mafu, bahari inapojaa sana na inapotulia. Mama yangu, mtu wa Mufindi, aliyatamka maneno hayo ya bahari kama aliyezaliwa nayo, nami nikawa nacheka mwenyewe ndani ya basi nikiyakumbuka.

Alifariki mwezi wa nne. Presha ilimpanda akiwa anatoka bondeni, akakaa kando ya njia, na watu waliomkuta walisema alikuwa amekaa vizuri, ameegemea tuta. Sikuwahi kumwona amekaa hivyo, na hata mara hiyo moja sikuwepo.

Msibani mwenzangu alikuja na mke wake. Alikuwa amebeba mkeka mpana wenye rangi tatu, uliofika Mbeya kwa basi wiki hiyo hiyo. Mama yake aliusuka kwa ajili ya mama yangu, aliposikia msiba akasikitika, akasema upelekwe hata hivyo. Tuliutandika chumbani, wanawake wa usharika wakakaa juu yake siku tatu. Waliuliza ni mkeka wa nani. Nikasema ni wa mwenzake na mama.

Baada ya hapo nilifanya kile ninachokijua. Nilirudi kufundisha. Nilichukua vipindi vya mwalimu aliyekuwa likizo ya uzazi, nikachukua zamu, nikachukua usimamizi wa maabara. Shule zilipofungwa mwezi wa sita nilijiandikisha kufundisha masomo ya ziada likizo nzima, ingawa hakuna aliyeniomba. Daftari la safari nililiweka chini ya makaratasi. Wenzangu walinipa pole, wakaniacha, na wengine walinisifu kwamba ni mtu wa kujitoa.

Jumatatu ya kwanza ya likizo nilikuwa peke yangu ofisini, nasahihisha. Simu ikaita. Sikuitambua namba, ila sauti niliitambua kwa kicheko nilichokisikia siku ile kwenye benchi, ingawa sasa hakikuwepo.

"Mwanangu," akasema, "shule zimefungwa tangu Ijumaa. Mbona hujafika?"

Nilidhani uzee umemchanganya. Nikamwambia taratibu kwamba mama hayupo tena, kwamba mkeka wake tuliupokea. Nikasema safari ile ilikuwa ya mama.

"Safari yako," akasema. "Siku ile ya kwanza alinambia, mwenzangu, nina mtoto mmoja, hana mtu, na mimi sina muda. Mimi nije nisije, nakuomba umchukue. Likizo zake awe na pa kwenda. Nami nikamwambia nimemchukua. Sasa tangu Ijumaa nakungoja, chai napika ya watu wawili."

Nililia pale, kalamu nyekundu mkononi, na yule mama hakuniambia ninyamaze wala hakukata simu. Alisubiri. Nilipomaliza kulia nikamwambia nitaondoka Jumatano. Kisha nikamuuliza, maana ndivyo tulivyolelewa, nimletee nini kutoka huku kwetu.

"Usilete kitu," akasema. "Mamaako keshanipa."